Ione kasoro ya fuwele kwa mkasi, povu na gundi

Wengi hukariri majina ya kasoro za fuwele, yaani mahali ambapo mpangilio wa atomu unaojirudia umevurugika, bila kuwahi kuigusa hata moja. Mimi huanza na mkasi. Tunachofuatilia ni hiki: mpangilio unaozifaa atomu chache zilizo jirani mara nyingi haukubali kurudiwa mpaka ujaze nafasi yote. Huo ndio mkwamo wa kijiometri.

Hatua ya 1: Karatasi. Chora pembetatu sita za pande sawa zinazokutana kwenye nukta moja; kila nukta ya pembe ni mfano wa atomu. Nyuzi 60 mara sita ni 360, kwa hiyo karatasi inalala vizuri. Kata pembetatu moja, kisha gundisha kingo zilizobaki. Karatasi inainuka kuwa koni, na nukta ya kati imebaki na majirani watano. Ibonyeze kwa kiganja. Itajikunja, na ukizidisha itachanika. Ukaidi huo unaousikia mkononi ndio mkazo unaobebwa na fuwele yenye kasoro hii, disklinesheni. Ukipachika pembetatu ya saba, karatasi inapinda kama tandiko.

Hatua ya 2: Povu. Sasa kila povu litakuwa mfano wa atomu. Tia maji ya sabuni kwenye sahani pana, upulize hewa polepole kupitia sindano nyembamba, ncha yake ikikaa kina kilekile. Hapa usiwe na haraka: mapovu yasipolingana ukubwa, safu hazipangiki. Wanafizikia Bragg na Nye walieleza njia hii mwaka 1947. Sasa inama uangalie kwa karibu mpaka uone safu inayokatika njiani. Hesabu pale inapoishia: povu moja lina majirani watano, la pili yake lina saba. Tano inainua, saba inapinda kinyume, kwa hiyo zikikaa pamoja uso unabaki bapa. Hiyo ni dislokesheni. Sukuma ukingo wa mapovu taratibu na utaiona ikiteleza. Metali nazo hupinda kwa mtelezo wa namna hiyo.

Hatua ya 3: Tetrahedroni. Hili ni umbo lenye nyuso nne za pembetatu za pande sawa. Tengeneza tano za karatasi ngumu, uzipange kuzunguka ukingo mmoja. Unabaki mwanya wa nyuzi 7.4 hivi. Tafadhali usiuzibe kwa gundi, upime kwanza. Ukilazimisha ishirini zikutane kwenye nukta moja, kingo za nje zitazidi zile za ndani kwa takriban asilimia 5. Aloi za Frank na Kasper, yaani michanganyiko ya metali iliyopewa majina ya wanasayansi hao wawili, hukwepa gharama ya kunyoosha kingo hivyo kwa kuweka tetrahedroni sita kwenye baadhi ya kingo, na kingo hizo huungana kuwa mistari ya kasoro inayopita ndani ya fuwele nzima.