Namna ya Kumpatia Nafasi ya Shule Mtoto Mkimbizi au Mroma Barani Ulaya

Mzazi mkimbizi, au Mroma (mtu wa jamii ya wachache iliyotawanyika Ulaya, si mkazi wa mji wa Roma), anayefika ofisi ya shule akiwa na mtoto na bahasha ya karatasi chache mara nyingi hujibiwa kwa mdomo tu: nafasi hakuna, au arudi atakapopata kibali cha ukaazi. Asiondoke na jibu la namna hiyo. Aombe sababu ziandikwe kwenye karatasi yenye tarehe na muhuri, kwa kuwa mtu anayekataa kwa urahisi akiwa anaongea huanza kupekua sheria pindi anapotakiwa kutia saini yake. Wakikataa kuandika, mzazi aandike mwenyewe siku hiyohiyo: “Leo nilifika shuleni kumwandikisha mwanangu mwenye umri wa miaka 8, nikaambiwa hakuna nafasi. Naomba nijulishwe kwa maandishi sababu za kukataliwa, na shule ambayo atapangiwa.” Barua hiyo itumwe kwa rejista, nakala moja iende ofisi ya elimu ya manispaa na nyingine ibaki nyumbani.

Barua hupata nguvu kutokana na tarehe. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2013 kuhusu mapokezi ya waomba hifadhi linakataza mtoto kucheleweshewa elimu zaidi ya miezi 3 tangu ombi la hifadhi lilipowasilishwa. Agizo lililokuja kushika nafasi yake mwaka 2024, ambalo nchi zilipewa hadi tarehe 12 Juni 2026 kuliingiza katika sheria zao, limeufupisha muda huo kuwa miezi 2. Kwa hiyo karatasi ya kutunza kuliko zote ni ile inayoonyesha siku ombi lilipopokewa, wala si ripoti ya shule ya zamani ambayo wengi huhangaika kuitafuta kwa wiki kadhaa. Kijana wa sekondari naye asikubali kuondolewa shuleni kwa sababu tu ametimiza miaka 18, maana agizo la 2013 linakataza jambo hilo waziwazi.

Kukosa nyaraka kusimzuie mzazi kwenda shuleni. Nchini Italia, mtoto wa kigeni asiye na nyaraka kamili huandikishwa huku nyaraka zikiendelea kufuatiliwa, na kanuni inataka awekwe katika darasa la umri wake isipokuwa walimu waamue vinginevyo. Nchini Ufaransa elimu ni ya lazima kuanzia miaka 3 hadi 16, uraia wa mtoto uwe wowote. Nchini Ujerumani, tangu mwaka 2011, shule hazina wajibu wa kuripoti familia zisizo na kibali kwa ofisi ya uhamiaji; inafaa mzazi alijue hilo, kwa kuwa hofu ya kuripotiwa huwaweka watoto nyumbani hata pale ambapo hakuna aliyewakataa.

Mtoto akishapokewa, swali linalofuata ni amewekwa darasa gani, na hapa ndipo ninapoona wazazi wengi wakilegeza kamba mapema mno. Darasa la maandalizi la kujifunza lugha lina manufaa yake, lakini linaweza kugeuka kuwa chumba cha kusubiri kisicho na mlango wa kutokea. Mwaka 2010, katika kesi ya watoto wa Kiroma wa Kroatia waliowekwa katika madarasa ya Waroma watupu kwa hoja kwamba hawakujua Kikroatia vya kutosha, Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliona ubaguzi, ikiangalia kama kulikuwa na jaribio mahususi la lugha, mtaala wa kuziba pengo hilo, na utaratibu unaoeleweka wa kuwahamishia madarasa ya kawaida. Mzazi yeyote, awe mkimbizi au Mroma, anaweza kuyageuza mambo hayo matatu kuwa maswali kwa mwalimu mkuu: mwanangu alipimwa kwa jaribio gani, anafundishwa nini, na atapimwa tena lini ili ahame?

Kwa watoto wa Kiroma hatari huwa kubwa zaidi pale shule inapopendekeza “shule maalumu”. Katika kesi iliyotoka mji wa Ostrava, Jamhuri ya Cheki, walalamikaji walionyesha kuwa zaidi ya nusu ya watoto wa Kiroma mjini humo walikuwa katika shule za watoto wenye ulemavu wa akili, ilhali kwa watoto wengine kiwango hicho hakikufika asilimia 2. Serikali ilijitetea kwamba wazazi walikubali, lakini baadhi yao walikuwa wametia saini fomu iliyokwisha kujazwa, isiyoeleza njia mbadala wala tofauti ya mtaala. Katika hukumu ya tarehe 13 Novemba 2007 Mahakama hiyohiyo ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilisema haki ya kutobaguliwa kwa misingi ya asili haiwezi kuondolewa kwa saini ya mzazi. Fomu ya aina hiyo isitiwe saini papo hapo: ichukuliwe nyumbani, isomwe na mkalimani asiyelipwa na shule, na mzazi adai jaribio lirudiwe kwa lugha anayoielewa mtoto.

Mambo yasiporekebishwa, malalamiko yapelekwe kwa taasisi ya usawa, yaani chombo cha kitaifa kinachowasaidia waliobaguliwa, ambayo kila nchi ya Umoja wa Ulaya inatakiwa kuwa nayo kwa mujibu wa agizo la mwaka 2000 dhidi ya ubaguzi kwa misingi ya rangi au asili ya kikabila. Mzazi hahitaji kuthibitisha nia mbaya ya mtu. Akileta mambo yanayoashiria ubaguzi, kwa mfano orodha ya madarasa inayoonyesha watoto wa Kiroma wote wako jengo la nyuma, mzigo wa kuthibitisha kwamba hakuna ubaguzi huhamia kwa shule. Kesi ikimalizikia mahakama za nchi bila mafanikio, wakili ahimizwe mapema kuhusu Strasbourg, yaliko makao ya Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, kwani tangu tarehe 1 Februari 2022 muda wa kupeleka ombi huko ni miezi 4 baada ya uamuzi wa mwisho, badala ya 6 iliyozoeleka.