Pumzi zihesabiwe dakika nzima: kutambua na kutibu nimonia ya watoto katika zahanati za nyanda za juu kusini

Kuanzia Juni hadi Agosti, baridi inapokaza Makete, Njombe na Mufindi, karibu kila mtoto anayeingia zahanati anakohoa. Wengi wana mafua tu na watapona wenyewe. Wachache wana nimonia, na hao hawatakiwi kurudi nyumbani na chupa ya dawa ya kikohozi. Kuwatambua hakuhitaji eksirei wala maabara. Unahitaji saa yenye mshale wa sekunde au simu, mwanga wa kutosha, na dakika moja ya utulivu. Maelezo haya ni ya muuguzi na tabibu wa zahanati, kwa watoto wa miezi 2 hadi miaka 5. Vichanga wana aya yao huko chini.

Mtoto atulie kwanza

Mtoto wa huku hufika amefungwa: sweta mbili, kitenge, blanketi, kofia. Ukihesabu juu ya blanketi, unachokiona ni blanketi. Ukimvua ghafla kwenye chumba cha baridi atalia, na mtoto anayelia hahesabiki. Mwache mapajani kwa mama yake. Msalimie bibi aliyewasindikiza, "Kamwene" yako itamlegeza yeye na mjukuu pia. Andika kadi, uliza kikohozi kina siku ngapi. Kisha sema taratibu: "Mama, mpandishie nguo kidogo tu, nione kifua na tumbo."

Kipimajoto, kuangalia koo na kupima uzito viache mwisho, maana vyote vinaliza. Akiwa amelala, hesabu hapo hapo kabla hajaamka. Akiwa ananyonya, subiri aachie, kwa sababu pumzi za mtoto anayenyonya hazina mpangilio.

Kuhesabu

Chagua sehemu moja, pale kifua kinapokutana na tumbo, na usihamishe macho. Kupanda na kushuka ni pumzi moja. Hesabu sekunde 60 kamili.

Hapa ndipo makosa mengi yanapofanyika. Foleni ni ndefu, mtu anahesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa 4. Mtoto mdogo hapumui kwa mwendo mmoja: anakimbiza kidogo, anapunguza, anakimbiza tena. Chukua mtoto wa miezi 14. Robo dakika ya kwanza unapata pumzi 9, unazidisha, 36, unaandika mafua. Ungeendelea hadi mwisho wa dakika ungepata 43, na 43 kwa umri huo ni nimonia. Ukipoteza hesabu katikati, anza upya.

Mipaka ya kupumua haraka ni hii:

- chini ya miezi 2: pumzi 60 au zaidi kwa dakika
- miezi 2 hadi kabla ya kutimiza miezi 12: 50 au zaidi
- miezi 12 hadi miaka 5: 40 au zaidi

Homa nayo huongeza kasi ya pumzi, lakini usimpe parasetamo na kumwambia mama asubiri ishuke ndipo uhesabu. Mipaka hii inatumika kwa mtoto mwenye homa na asiye nayo.

Kubonyea kwa kifua

Mtoto mwenye afya anapovuta pumzi, kifua na tumbo vyote hutoka nje. Mapafu yakishajaa uchafu na kukakamaa hayatanuki kirahisi. Msuli wa chini ya mapafu hulazimika kuvuta kwa nguvu, na mbavu za chini zinaingia ndani wakati mtoto anavuta pumzi. Ndiyo sababu lazima ujue kwanza anavuta lini na anatoa lini. Ukikosea hapo, utaona kinyume.

Inahesabika kuwa kubonyea pale tu inapoonekana wazi, kila pumzi, mtoto akiwa ametulia. Ngozi ya katikati ya mbavu ikicheza peke yake, hiyo siyo. Pua ikiwa imeziba, isafishe kwa kitambaa laini kisha angalia tena, maana pua iliyoziba inaweza kubonyeza kifua cha mtoto asiye na nimonia. Hakikisha mtoto amenyooka. Aliyejikunja kiuno mapajani mwa mama yake atakudanganya.

Sikiliza pia kwa sikio tu. Mkoromo mkavu wakati wa kuvuta pumzi, mtoto akiwa ametulia, ni njia ya hewa inayoziba: rufaa, bila kumchokonoa koo. Mluzi wakati wa kutoa pumzi ni jambo jingine. Mpe salbutamo, dawa ya kufungua njia ya hewa, ya kupuliza kupitia chupa ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa: mipulizo 2 ndani ya chupa, mtoto avute pumzi 3 hadi 5 za kawaida. Rudia baada ya dakika 15, hadi mara 3, ndipo uhesabu upya. Watoto wengi wenye mluzi hurudi chini ya mpaka na hawahitaji antibayotiki.

Dalili za hatari

Haya muulize mama na uyaangalie mwenyewe: hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea au hazinduki. Moja tu inatosha kuwa ugonjwa mkali, hata kama pumzi ni 30. Kwa mama anayesema "hanyonyi", mwambie amweke titini mbele yako. Wengine humaanisha ananyonya kidogo kuliko jana, na hilo lina uzito tofauti.

Kama mnacho kifaa cha kupima oksijeni kidoleni, kitumieni, lakini vidole vya baridi hutoa namba za uongo. Pasha mkono au mguu joto kwa viganja vyako, subiri mapigo yaonekane sawasawa ndipo usome. Chini ya 90% ni rufaa.

Maswali mawili ya ukanda huu

La kwanza ni safari. Makete na Njombe malaria si ya kila siku, na mtu huisahau. Lakini familia huteremka Kyela, bonde la Usangu au Pawaga kwa mpunga na kurudi. Uliza wiki chache zilizopita mtoto amelala wapi, na mwenye homa apimwe kwa kipimo cha haraka. Kipimo kikiwa chanya na pumzi zikiwa za haraka, tibu vyote viwili. Malaria haifuti nimonia. Dawa mseto ya malaria (ALu) ni kidonge 1 kwa kilo 5 hadi chini ya 15, vidonge 2 kwa kilo 15 hadi chini ya 25, mara mbili kwa siku kwa siku 3, pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta kidogo.

La pili linaulizwa kwa faragha, mlango ukiwa umefungwa: hali ya mama kuhusu VVU. Njombe, Iringa na Mbeya ni miongoni mwa mikoa yenye maambukizi makubwa nchini. Mtoto wa miezi 3 hadi 6 aliyezaliwa na mama mwenye VVU, anayehema kwa taabu huku homa ikiwa ndogo, anaweza kuwa na aina ya nimonia ambayo amoksilini haiiwezi. Huyo asibaki zahanati.

Dawa na kipimo chake

Kupumua haraka, au kifua kubonyea, bila dalili ya hatari yoyote: amoksilini ya kuyeyuka, kidonge cha mg 250, asubuhi na jioni, siku 5.

- kilo 4 hadi chini ya 10: kidonge 1 kila mara
- kilo 10 hadi chini ya 14: vidonge 2 kila mara
- kilo 14 hadi 19: vidonge 3 kila mara

Mtoto ambaye kifua kinabonyea na ana VVU, au ana utapiamlo mkali, apelekwe hospitali hata kama anachangamka.

Yeyusha kidonge kwenye kijiko chenye maji safi au maziwa ya mama. Dozi ya kwanza mama aitoe mwenyewe mbele yako, usimwelezee tu. Akitapika ndani ya nusu saa, rudia. Vidonge vibaki kwenye pakiti yake, maana vikitolewa na kuwekwa karibu na jiko vinapata unyevu na kusagika.

Tunasisitiza kipimo kwa sababu hapa ndipo matibabu yanapoharibika. Mtoto wa kilo 10 akinunuliwa sirapu ya mg 125 kwa kila mililita 5, akapewa kijiko kimoja mara tatu, anapata mg 375 kwa siku. Kwa jedwali hili anatakiwa apate mg 1,000. Mama atarudi siku ya tatu akisema dawa haifanyi kazi, na mtu atambadilishia dawa iliyo kali zaidi, wakati kosa lilikuwa kijiko.

Anayekwenda rufaa

Mwenye dalili ya hatari achomwe sindano ya kwanza kabla ya kuondoka: ampisilini mg 50 kwa kilo na jentamaisini mg 7.5 kwa kilo. Anyonye. Asiyeweza kunyonya lakini anameza, mpe mililita 30 hadi 50 za maji ya sukari: vijiko vya chai 4 vya sukari, vilivyosawazishwa, ndani ya mililita 200 za maji safi. Sukari ikishuka njiani, mtoto anaweza kufa kabla ya kufika.

Kwa bodaboda, akae kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, kichwa juu, uso wazi, blanketi likifunika mgongo. Kumbana kati ya mama na dereva huku uso umefunikwa ni kumnyima hewa kidogo aliyo nayo.

Kichanga wa chini ya miezi 2 anahesabiwa mara mbili akifika 60. Akiwa bado juu, au ana joto la 38 na zaidi, au chini ya 35.5, au hanyonyi, ni rufaa. Jentamaisini yake ina kipimo chake kwenye chati ya ukutani, usitumie cha mtoto mkubwa. Kwa wachanga usafiri wa dharura wa M-Mama upo kwa namba 115.

Nyumbani

Mwambie mama amnyonyeshe mara nyingi zaidi na ampe uji mwepesi kidogo kidogo. Limau na asali vinatuliza koo, ila asali si ya mtoto wa chini ya mwaka 1. Jiko la mkaa lisilale chumbani hata usiku wa baridi kali: moshi wake usioonekana unaua familia nzima, na moshi wa kuni ndio unaowarudisha watoto kwenye nimonia. Avae tabaka za nguo, alale na mama.

Kuna jambo la kuulizwa kwa upole, bila kumwaibisha mtu: kukata kimeo. Kikohozi kikidumu, wapo wanaompeleka mtoto kwa mkataji. Kimeo hakisababishi nimonia, na kukikata huleta kutoka damu, maambukizi na pepopunda. Sema hivyo wazi, hasa bibi akiwepo, kwa sababu mara nyingi uamuzi ni wake.

Siku ya tatu

Arudi siku ya tatu, hata kama amechangamka. Hesabu tena, dakika nzima. Pumzi zikipungua na anakula, amalize siku zote 5. Zikiwa palepale, usibadilishe dawa kabla ya kuomba kuona pakiti na kuhesabu vidonge vilivyobaki. Vikiwa vimepungua kama inavyotakiwa na mtoto hajapata nafuu, mpeleke mbele. Uliza kama kikohozi kilianza ghafla mtoto akichezea maharage au mahindi, maana punje iliyoingia kwenye njia ya hewa haiponi kwa dawa. Mtoto mwenye kikohozi kilichozidi siku 14, au anayeishi na mtu anayetumia dawa za kifua kikuu, apimwe kifua kikuu.

Mwishoni fungua kadi ya kliniki. Chanjo ya nimokoka, bakteria wanaoleta nimonia, hutolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Kama kuna iliyorukwa na hana ugonjwa mkali, mpe siku hiyo hiyo, kabla mama hajambeba tena mgongoni.