Kabla hujaanza kuchapa ripoti za daktari, tafuta kamusi

Kazi za kusikiliza sauti ya daktari na kuichapa ripoti naona vijana wengi wanaziulizia sikuhizi, Unguja na Pemba, maana laptopu na intaneti ikiwepo unafanya hapo hapo nyumbani. Sasa wengi wanafanya mazoezi ya spidi tu, kamusi hawana hata moja. Spidi itakuja yakhe, kamusi kwanza.

Mwanzo kabisa muulize mteja anataka Kiingereza cha wapi. Sie skuli tumesomeshwa cha Uingereza, anaemia, oedema, diarrhoea, mteja wa Marekani anataka anemia, edema, diarrhea, na ripoti moja haichanganyi. Muulize pia anafuata kamusi gani, Marekani utasikia sana Dorland's (hii imeanza 1900) au Stedman's, na zikigombana ile aliyoitaja yeye ndo hakimu, usilete ubishi.

Dawa zina kitabu chake. Kamusi ya zamani ya bure haina dawa mpya, ndo maana Uingereza wana BNF (British National Formulary, kitabu cha dawa) inayochapishwa upya mara 2 kwa mwaka. Na maboksi ya duka la dawa yasikuponze, pale kila kitu herufi kubwa kwa biashara. Dawa yenyewe ni herufi ndogo, paracetamol, metformin, jina la biashara ililopewa na kampuni ndo kubwa, Panadol, Glucophage, na daktari akisema Panadol andika Panadol, usimbadilishie.

Vijidudu jina la kwanza kubwa la pili dogo, Plasmodium falciparum, Escherichia coli. Magonjwa mengi ni madogo tu, malaria, diabetes, pneumonia, lakini Parkinson kubwa kwa sababu ni jina la mtu, halafu parkinsonism inarudi ndogo! Hapo kukisia hakusaidii, fungua kamusi uangalie, hata ile alama ya 's kwenye Parkinson's wengine wanaiweka wengine wameshaitoa.

Linalotutesa sie khasa ni kuwa tumezoea neno linaandikwa kama linavyotamkwa. Unasikia "nyumonia" unakwenda N, huioni, unasema kamusi mbovu. Iko P. Psoriasis P, pterygium ya jicho P, xiphoid unasikia Z kumbe iko X, rhinitis ina h baada ya r. Jitengenezee daftari la sauti hizi kabla ya kazi, ukisikia N jaribu na pn, ukisikia F jaribu na ph, ukisikia S jaribu ps na sc, litakuokoa kuliko kitu chochote.

Ile mistari myekundu ya kompyuta usiitegemee, ileum na ilium yote ni maneno sahihi kwake, la kwanza sehemu ya utumbo mwembamba la pili mfupa wa nyonga. Dysphagia shida ya kumeza, dysphasia shida ya kusema. Kwahiyo ukilipata neno soma na maana yake, uone kama inaingia kwa mgonjwa huyo, anaelalamika tumbo atakuwa hana habari ya nyonga.

Kamusi iwe ndani ya laptopu au ya karatasi, umeme na mtandao wetu unaujua mwenyewe. Na neno ukilitafuta kote ukalikosa acha nafasi wazi, andika dakika na sekunde lilipotamkwa, mteja mwenyewe atasikiliza.