Kuhamisha asumini au bogenvilia iliyokomaa bila kuiua

Asumini uliipanda dirishani ikiwa kimche, leo imekuwa kichaka inaziba hewa, au unahama nyumba ya kupanga na roho haikubali kuiacha (hapo malizana kwanza na mwenye nyumba, wengine chochote kilichoota uani wanahesabu ni chao). Inahamishika vizuri tu, ila kazi kubwa iko kabla ya kung'oa na hapo ndo watu wengi wanaparuka.

Ile mizizi minene unayoiona inashikilia mmea zaidi, maji yanavutwa hasa na vimizizi vyembamba vya kwenye ncha, na vingi viko mbali na shina, sasa ukija na jembe ukachimba karibu karibu umeviacha vyote ardhini halafu unashangaa mmea umenyauka. Kwa hiyo wiki kama 6 kabla, chukua beleshi lenye makali, zunguka shina ukilichoma wima mpaka chini bila kuinua udongo. Shina la unene wa sm 5, kaa mbali nalo sm 30 hivi kila upande. Mizizi uliyoikata itatoa vimizizi vipya ndani ya duara, na hivyo ndo utahama navyo. Endelea kumwagilia kama kawaida.

Hesabu zako ziangukie masika yanapoanza, au vuli. Januari na jua lile la Dar achana nayo kabisa.

Siku moja kabla mwagilia sana udongo ushikane, na shimo jipya liwe tayari, upana mara mbili ya bonge la udongo utakalobeba, kina kilekile. Kisha punguza matawi theluthi moja. Najua inauma kukata maua, we kata tu, mizizi imebaki michache haiwezi kunywesha majani yote yale.

Jioni jua likipoa chimba nje kidogo ya duara, ukate na chini, pitisha gunia, funga kamba, mbebe wawili kwa gunia, msivute shina. Bogenvilia ndo ya kuogopa, vimizizi vyake ni dhaifu na bonge linamwagika kirahisi, ukiitikisa basi. Kama gunia ni la katani legeza kamba uizike nalo litaoza lenyewe, kiroba cha plastiki lazima ukitoe.

Shina lisizame kuliko lilivyokuwa mwanzo. Fukia nusu, mwaga maji udongo ushuke, malizia. Samadi mbichi usitie shimoni inaunguza mizizi, iliyooza weka baadaye majani mapya yakishatoka. Juu tandaza nyasi kavu zisiguse shina, na kijibanda cha makuti kwa wiki mbili hivi kinasaidia sana.

Majani yakipukutika usikimbilie kuing'oa, kwangua gome kidogo kwa ukucha, ukikuta kijani ni mzima huyo, subiri. Asumini usiache ikauke, bogenvilia maji yakituama inaoza mizizi, kwa hiyo chomeka kidole kwanza uone kama udongo umekauka.

Mchaichai hauhitaji mbwembwe zote hizi, ng'oa kichaka, gawanya kwa panga kila kipande kiwe na mizizi, kata majani yabaki kama sm 15, panda siku hiyohiyo.