Kupanda Kilimanjaro kwa Marangu: anza na siku, koti litafuata

Kila mwaka ikikaribia Desemba naulizwa swali lile lile, ninunue koti gani, buti gani, na mi jibu langu ni moja, kabla hujatoa hela ya koti nambie kwanza umepanga siku ngapi. Nimepanda Kilimanjaro mara mbili, zote kwa njia ya Marangu. Mara ya kwanza siku tano, nikageuzwa pale pango la Hans Meyer, kama mita 5,150 hivi, natapika na kichwa kinapasuka. Mara ya pili siku sita nikafika Uhuru, mita 5,895, na mwili ulikuwa ule ule, buti zile zile, hata koti lile lile la mtumba. Kilichoongezeka ni usiku mmoja kwenye kituo cha kulala cha Horombo.

Angalia hesabu yenyewe. Geti la Marangu liko mita 1,800 na kitu, usiku wa kwanza unalala Mandara mita 2,720, wa pili Horombo 3,720, wa tatu Kibo 4,720, yaani kila siku umepandisha kitanda chako mita elfu moja, afu usiku huo huo wa tatu unaamshwa uende kileleni. Sasa madaktari wa milimani wanashauri ukishavuka mita 3,000 usipandishe mahali unapolala zaidi ya mita 500 kwa siku, na kila baada ya siku tatu nne upumzike moja. Kwa hiyo ratiba ya siku tano inakimbia mara mbili ya mwendo ambao mwili unauweza. Ya siku sita nayo bado ina haraka, siwezi kukudanganya, ila inakupa siku nzima ya kuzoea na hiyo siku ni dhahabu.

Sababu ni hewa. Kadiri unavyopanda mgandamizo wa hewa unapungua, ukifika kileleni kila pumzi inakupa oksijeni karibu nusu tu ya ile unayovuta Dar au Mombasa. Mwili unajua kujirekebisha, unapumua haraka zaidi, unakojoa sana, damu inabadilika taratibu, lakini inachukua siku na hakuna mazoezi yanayoharakisha hilo. Nimeona vijana wa jogging, wana pumzi kuliko sisi wote, wametutangulia njia nzima hadi Horombo wanacheka, kesho yake Kibo hawawezi hata kunywa chai. Mtu mwenye nguvu ndo anaumia haraka kwa sababu anaweza kukimbia. Pole pole unayoambiwa na muongozaji sio salamu ya kuchangamsha wageni, ni dawa.

Na siku ya ziada Horombo usiilalie kitandani. Asubuhi unapanda hadi Zebra Rocks, ile miamba yenye michirizi myeusi na myeupe iliyo karibu mita 4,000, ukiwa vizuri unasogea kidogo zaidi upande wa kilele cha Mawenzi, unakaa huko juu muda, unashuka, unakula, unalala pale pale ulipolala jana. Panda juu, lala chini, ndo kanuni. Njia ya Machame inafanya hivyo hivyo, unapitishwa Lava Tower kama mita 4,600 afu unashuka kulala Barranco chini ya mita 4,000, ndo maana mwenye siku saba za Machame au nane za Lemosho ana nafasi nzuri kuliko sisi wa Marangu. Ila huko unalala kwenye hema na gharama inapanda, Marangu ndo njia pekee yenye nyumba za kulala, vitanda na magodoro, kwa Mtanzania anayelipa mwenyewe mi bado naipendekeza. Siku sita lakini. Ukiambiwa tano zinatosha, kataa.

Hela sasa. Raia wa Afrika Mashariki tunalipa kwa shilingi na viingilio vyetu ni vidogo sana ukilinganisha na vya wageni wa nje, kwa hiyo beba kitambulisho cha taifa au pasipoti, usije ukafika getini unaanza kujieleza. Huruhusiwi kupanda peke yako, lazima uwe na muongozaji mwenye leseni ya hifadhi. Ukiongea na kampuni usiridhike na bei moja ya jumla, omba wakuchambulie: kiingilio ni cha kila siku, malazi ni ya kila usiku, kuna ada ya uokoaji, chakula, usafiri wa kwenda getini, na mishahara ya watu. Ukishaona mchanganuo utagundua siku ya sita haiongezi kiasi cha kutisha, mara nyingi ni chini ya lile koti jipya ulilokuwa unaliwazia. Mara yangu ya kwanza aliyeniuzia safari alisema tano ndo kawaida ya wabongo, sikuuliza zaidi, na hilo ndo kosa nisilotaka ulirudie.

Kuna swali lingine uulize bila aibu, nalo ni wagumu wanalipwa shilingi ngapi kwa siku na wanakula mara ngapi. Wagumu ndo wapagazi, wenyewe wanaitana hivyo na jina limewakaa. Mzigo wa mgumu mmoja mwisho ni kilo 20 na unapimwa getini. Mi nilisimama karibu na mzani ule nikamwona kijana anatoa kwenye begi la mteja jozi mbili za viatu, dumu la maji la lita tano na spika ya muziki, begi linapimwa tena, bado, anatoa tena, mwenye begi yuko pembeni anapiga picha. Hicho unachokiita kidogo kuna shingo ya mtu itakibeba siku sita. Pima begi lako nyumbani, lisizidi kilo 12, na tipu ya wagumu itenge mapema kwenye bahasha yake, usiihesabu kama hela itakayobaki. Kampuni ikishusha bei sana kuliko wenzake, ujue pengo hilo limekatwa kwenye sahani ya mgumu.

Tarehe. Epuka masika, Machi katikati hadi Mei, njia inakuwa tope na mawingu hayakuachii chochote. Januari na Februari ni kuzuri, Juni hadi Oktoba ni kuzuri ila baridi na watu wengi. Novemba vuli inakusumbua na Desemba mwanzoni bado inaweza kukunyeshea, lakini najua wengi mnataka tarehe 9, siku ya uhuru wa Tanganyika, na mi nawaelewa, usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda alisimika bendera na mwenge pale juu, na kilele kilichokuwa na jina la Kaizari wa Ujerumani ndo hicho sasa kinaitwa Uhuru, kusimama pale siku hiyo ni kitu kingine kabisa. Basi weka nafasi miezi kabla, vitanda vya Marangu vinajaa, na jiandae kwa mvua. Ukiwa huna tarehe maalum fuata mwezi. Kwa siku sita usiku wa kileleni ni ule wa kuamkia siku ya tano, kwa hiyo hesabu kurudi nyuma kutoka siku ya mwezi mpevu, utatembea Kibo kote kunang'aa na wala hutahitaji tochi sana.

Mazoezi anza miezi miwili kabla, hata kama hayazuii ugonjwa wa mlima, yanaokoa magoti. Ngazi za ghorofa ukiwa na begi mgongoni, na wikiendi safari ndefu ya saa tano sita kwenye vilima, Pugu, Uluguru, Ngong kwa wa Nairobi. Ukipata nafasi panda Meru kwanza, mita 4,566, siku tatu au nne, utajua mwili wako unaitikiaje ukivuka mita elfu nne kabla hujalipa hela kubwa.

Hospitali sasa, hapa naomba usome mara mbili. Kama kwenu kuna selimundu, pima kabla ya safari, hata kama hujawahi kuumwa, maana mtu mwenye kubeba tu kinasaba hicho anaweza kuishi miaka yote bila shida afu bandama ikaharibika akiwa juu kwenye oksijeni ndogo. Sisi huku ni wengi tunaobeba na wengi hatujui. Mwambie daktari pia kuhusu presha, pumu, moyo, na uzazi kama una mimba. Dawa ya Diamox inasaidia mwili kuzoea, lakini ni ya kuandikiwa, haifai kwa kila mtu hasa mwenye mzio wa dawa za salfa, na itakufanya ukojoe na vidole viwe vinachonyota. Ijaribu ukiwa nyumbani. Pombe na dawa za usingizi acha kabisa huko juu, zinapunguza pumzi usiku. Na dada zangu bebeni pedi hata kama tarehe bado, mlima unaweza kuvuruga ratiba.

Kichwa kuuma kidogo, kukosa hamu ya kula, kichefuchefu, usingizi wa mang'amung'amu, hayo yanawapata wengi na ukipumzika yanaweza kuisha. Sheria ni kwamba ukiwa na dalili hupandi zaidi hadi ziishe, na zikizidi unashuka. Zinazotisha ni mbili. Moja ni mtu anahema hata akiwa amekaa, anakohoa, midomo inakuwa ya bluu. Nyingine ni mtu anapepesuka kama mlevi au anaongea visivyoeleweka, mwambie atembee mstari mnyoofu kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma, akishindwa, anashuka sasa hivi hata kama ni saa nane usiku, habari ya kusubiri asubuhi haipo. Mi niliambiwa nitembee hivyo pangoni, tochi ya muongozaji ikinimulika miguuni, niliona mstari uko wazi kabisa na mguu ukaenda pembeni. Hakunibembeleza, alinishika mkono tukageuka, tulipofika Kibo kichwa kilikuwa kimepungua, Horombo nikala ugali. Kabla ya safari kubaliana na wenzako kwamba neno la muongozaji la kushuka halijadiliwi, kwa sababu ukiwa juu akili yako ndo kitu cha kwanza kukudanganya.

Nguo ni rahisi kuliko unavyodhani. Jeans na fulana za pamba acha nyumbani, zikilowa hazikauki na zinakunyonya joto. Unataka matabaka matatu, la ndani la kunyonya jasho, la kati la joto yaani sweta zito la flisi au koti lililojazwa manyoya, na la nje la kuzuia upepo na mvua. Vyote vinapatikana mtumbani, Karume ya Dar, Gikomba ya Nairobi, na pale Moshi soko la Memorial, ukiwa na subira utapata koti zuri la theluji kwa bei ya kawaida, na begi la kulalia na fimbo unakodisha Moshi. Kitu kimoja tu usibane hela: buti. Zinunue zikiwa kubwa nusu namba, zivae miezi miwili. Ongeza mzula, glavu nene juu ya nyembamba, miwani ya jua, na tochi ya kichwani yenye betri mpya.

Maji lita tatu hadi nne kwa siku, mkojo ukiwa wa njano iliyokolea hujanywa vya kutosha. Kibo hakuna chemchemi, maji yanabebwa na wagumu kutoka chini, kwa hiyo usinawe nayo ovyo. Chakula utakichukia kuanzia Horombo, kula tu, mtori, uji, supu, chai ya tangawizi, chochote kinachopita.

Usiku wa kileleni mnaamshwa kama saa tano, mnaanza saa sita, baridi inaweza kufika kumi hadi ishirini chini ya sifuri. Simu na pawabenki viweke ndani ya nguo vigusane na mwili. Chupa ya maji igeuze kichwa chini kwenye begi, barafu inaanzia juu, kwa hiyo kifuniko kitabaki kinafunguka. Mrija wa kunywea utaganda, usiutegemee. Hatua moja pumzi moja, changarawe inakurudisha nyuma, usiangalie taa za waliotangulia maana zinaonekana kama nyota na zinakatisha tamaa. Ukifika Gilman's Point mita 5,685 umefika ukingoni mwa kreta, kunywa kitu cha moto, kula tende mbili, afu bado kama saa moja na nusu hadi mbili kwenda Uhuru, usikae pale zaidi ya dakika kumi, baridi itakukalia.

Afu siku ile ile unashuka hadi Horombo, zaidi ya mita 2,000 chini, na hapo ndo magoti na kucha vinaumia. Kata kucha za miguu fupi kabisa siku mbili kabla hujaondoka nyumbani.