Kabla Hujaacha Lami: Kagua Gari Lako Hivi

Likizo ikifika, watu wa Mombasa hutawanyika. Wengine huingia Tsavo Mashariki kupitia Buchuma, wengine hupanda Shimba Hills, wengine huenda Marafa, na wengine huitwa harusini au matangani ndani ya Kinango, ambako lami ni habari ya wakati wa kampeni. Kisha gari lililokuwa likitisha watu Nyali linalala kwenye tope, na Probox iliyojaa abiria na mbuzi inapita ubavuni, dereva akipunga mkono. Urefu wa gari na jina lililoandikwa nyuma havitoshi. Haya hapa ya kukagua. Mengine nitayapita mbio kwa sababu unayajua.

Jua unakwenda kukanyaga ardhi gani. Vumbi jekundu la Tsavo wakati wa kiangazi halihitaji gari la vita. Gari dogo lenye matairi mazuri na dereva mtulivu hufika bwawa la Aruba na kurudi. Udongo mweusi ni kesi nyingine. Mwezi wa Februari ni mgumu kama sakafu, lakini ukilowa unafura, unanata, unajaza mifereji ya tairi mpaka tairi linakuwa laini kama kipara. Mchanga humeza gari zito. Mawe ya matumbawe huchana ubavu wa tairi, mahali ambapo fundi hawezi kuziba.

Kimo. Usipime kwa macho ukiwa umesimama mlangoni. Inama, tafuta kitu kilicho chini kuliko vyote: difu (lile bonge la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu), ekzosi, sampu ya oili. Kutoka hapo hadi ardhini ndicho kimo cha gari lako, na ukipata sentimita 20 au zaidi uko pazuri. Pima likiwa limepakia watu na mizigo, maana springi laini hunywea na sentimita kadhaa hupotea. Kama umeshauriwa kuweka speisa, vile vipande vya kuongezwa kwenye springi, ili gari dogo liinuke, jua unachonunua: bodi inapanda, jointi za magurudumu ya mbele zinafanya kazi kwa pembe isiyo yao na kuisha mapema, na gari linayumba zaidi konani. Na kwenye gari lenye ekseli nzima, chuma kimoja kutoka gurudumu hadi gurudumu, difu linabaki palepale hata ukiinua bodi hadi dirishani. Kinachoinua difu ni tairi kubwa, basi.

Kimo peke yake nacho hudanganya. Angalia pua na mkia. Gari lenye bampa refu la mbele litagonga ukingo wa korongo kabla tairi halijagusa, na lenye mkia mrefu litakwangua likitoka. Suzuki Jimny ya sasa ya milango mitatu inaingia kwenye mwinuko wa digrii 37, inatoka kwa 49, na tumbo lake linavuka tuta la digrii 28. Ndiyo maana kigari kile kinachochekwa mjini huwaaibisha wakubwa porini. Pikapu ya kebini mbili ina kimo kizuri lakini ni ndefu katikati, hivyo tumbo ndilo hukaa juu ya tuta. Zile ngazi za pembeni za kung'aa zinazidi kushusha tumbo. Zing'oe, au zikubali kama hasara ya kesho.

Magurudumu yanayovuta. Hapa ndipo watu wengi huuziwa maneno. Magari mengi yanayoshuka Kilindini yana jina moja na sura moja, lakini mengine yanavuta kwa magurudumu mawili tu na mengine kwa manne. RAV4 ni hivyo, X-Trail ni hivyo, Harrier ni hivyo. Usimwulize muuzaji. Lala chini uangalie: kama hakuna shafti inayokwenda nyuma na hakuna difu la nyuma, hilo ni gari la mbele tu, hata liwe refu kama jahazi.

Ukishaona shafti, uliza la pili: gurudumu moja likianza kuzunguka hewani, nguvu inakwenda wapi? Difu la kawaida hupeleka mzunguko kwenye gurudumu lisilo na upinzani. Kwa hiyo lile lililoning'inia linavuma, na lile lililoshika ardhi limetulia tuli. Dawa ni difu loki, inayofunga magurudumu mawili yazunguke pamoja, au mfumo wa breki unaolizuia lile linalozunguka bure ili nguvu ihamie upande wa pili. Kwenye magari mengi ya mjini nguvu ya nyuma hupitia klachi inayopata moto ukiisumbua mchangani kwa muda mrefu. Ikizidiwa hujizima yenyewe, nawe unabaki na magurudumu mawili katikati ya safari. Gari la kazi huwa na gia ya chini, ile 4L, inayoongeza nguvu ya magurudumu kwa karibu mara mbili au zaidi na kukuwezesha kwenda polepole bila kuunguza klachi. Ni ya kupandia mawe na kushukia mteremko, si ya kuonyeshea marafiki. Na kama 4WD yako, yaani mvuto wa magurudumu manne, ni ya kuchagua kwa kigingi, usiitumie kwenye lami kavu, kwa sababu mbele na nyuma haziwezi kuzunguka kwa kasi tofauti kwenye kona, na vyuma huanza kugombana.

Uzito hautajwi sana. Jimny ina kilo kama 1,100. Land Cruiser V8 inapita 2,500. Kwenye mchanga na tope laini, mwepesi ana haki.

Matairi: bora kuliko chochote utakachonunua. Rimu kubwa zenye mpira mwembamba ni za Nyali, ziache Nyali. Mchangani shusha upepo hadi presha 18 au 20 (PSI), tairi lipanuke na kukanyaga eneo kubwa zaidi, halafu uende taratibu bila kukata kona kwa nguvu. Ukifanya hivyo lazima uwe na pampu, kwa sababu ukirudi lamini na presha ile tairi litapata moto na kupasuka. Spea iwe tairi kamili. Kile kitairi chembamba cha dharura hakiwezi kukutoa Samburu ya Kwale hadi Mariakani kwa njia ya ndani.

Maji. Jua injini yako inavutia hewa wapi; magari mengi huvutia karibu na taa ya mbele, chini kuliko unavyodhani. Maji yakiingia kwenye silinda hayabanwi kama hewa, na kinachopinda ni mkono wa pistoni. Maji yaliyosimama, tembea kwanza kwa miguu na fimbo. Maji yanayokwenda, usivuke. Sentimita 30 za maji yenye kasi zinatosha kusukuma gari dogo, na 60 hubeba karibu kila gari la familia. Aprili 2024 basi zima lilisombwa karibu na Garissa, abiria wakaokolewa wakiwa juu yake. Basi lina kimo kikubwa kuliko Prado yako.

Sasa hili lifuatalo lisome mara mbili. Gari likikwama, litashikwa wapi?

Tulikuwa tunakwenda maziko mbele ya Kinango, mvua za vuli zimeshaanza. Mimi nilikuwa nyuma ya pikapu ya jirani pamoja na masufuria. Binamu yangu alikuja na gari lake jipya, jipya kwa maana yetu ya yadi: jeusi, refu, linalovuta kwa magurudumu manne ya kweli, matairi mazuri. Kwa kipimo cha yote niliyoyaandika hapo juu, lilikuwa gari la kupita. Likapita kweli, mpaka kwenye kijibonde ambako trekta lilikuwa limeacha mitaro miwili mirefu. Tumbo likakaa juu ya tuta la katikati na magurudumu yakabaki kuchezea uji.

Kukwama si aibu. Vijana wakaja, watoto wakafuata, maana hiyo ni sinema ya bure. Baadaye likatokea lori la mchanga. Dereva, mzee mtaratibu, aliteremka na kamba nene ya nailoni begani, akauliza: "Haya mwanangu, tufunge wapi?"

Binamu hakuwa na jibu. Alizunguka gari lake kama mtu anayelinunua. Kwenye bampa la mbele kulikuwa na kifuniko kidogo, na nyuma yake tundu lenye ridhi, ile mikato ya kuskurubia. Magari mengi ya siku hizi hayana kulabu ya kudumu mbele. Yana tundu hilo tu, na kulabu yake ya kuskurubu huwekwa kwenye buti pamoja na jeki na spana. Tukainua zulia la buti. Jeki haipo, kulabu haipo. Zilishukia wapi kati ya Japani na yadi, nani ajue.

Kijana mmoja akalala kifudifudi, akapiga kelele kwamba ameona kulabu chini. Ipo kweli: kipande cha chuma chenye tundu, kimeshikizwa chini ya bodi. Mzee akainama, akatikisa kichwa. "Hiyo ya melini hiyo." Vyuma vile huwekwa ili gari lifungwe mikanda lisitembee ndani ya meli. Vinaweza kulizuia gari lisitikisike. Kuling'oa kwenye tope linalonyonya ni kazi nyingine kabisa, na vitabu vya magari hukataza kuvutia hapo. Lakini jua lilikuwa linashuka, maiti hasubiri, na binamu akang'ang'ania: funga tu, mzee wangu, twende.

Mzee alikubali kwa shingo upande. Kabla ya kuwasha lori aliwafukuza watoto hadi kwenye mbuyu ng'ambo, akasimama kuwatazama mpaka wote wamefika. Lori likasogea, kamba ikakaza, ikazidi kunyooka, halafu mlio. Kile chuma kilichomoka na kurudi na kamba kikagonga ubao wa chuma wa nyuma ya lori. Kiliacha shimo unaloweza kuingiza ngumi. Dakika chache kabla, watoto walikuwa wamesimama usawa ule ule.

Mwishowe gari lilitolewa kwa majembe: kuchimba tuta chini ya tumbo, kuinua kwa jeki ya lori juu ya ubao, kujaza mawe na matawi kwenye mitaro. Lilitoka lenyewe, bila kuvutwa na mtu. Kaburi tulilikuta limeshafukiwa.

Kwa hiyo toka nje sasa hivi, fungua buti. Kulabu haimo? Nunua inayolingana na modeli yako hasa, kwa kuwa ridhi hutofautiana, na baadhi ya magari yana ridhi inayokaza kwa kushoto. Ijaribu nyumbani, iingie mpaka mwisho, ikaze kwa spana ya magurudumu. Kulabu hiyo ni ya kuvutwa moja kwa moja, si kwa pembeni. Magari yenye chesisi, fremu ya chuma iliyo kando na bodi, kama Hilux, Prado na Land Cruiser, kwa kawaida yana kulabu zilizofungwa kwenye chesisi kwa bolti, na hiyo ni sifa kubwa kuliko redio yoyote. Usifunge kamba kwenye bampa, wala kwenye mkono wa gurudumu, wala kwenye kile kichwa cha duara cha kuvutia trela. Hicho kikikatika huruka kama risasi. Chimba kwanza, vuta baadaye. Weka gunia zito au blanketi katikati ya kamba. Watu wasimame mbali, mara moja na nusu ya urefu wa kamba au zaidi, na asiwepo mtu wa kuvuka juu yake, hata awe mwenye gari.

Na ukiinama kuangalia kulabu, angalia kutu. Sisi tunaishi na upepo wa chumvi, na gari lililolala miaka Bamburi au Shelly Beach huoza kuanzia chini huku rangi ya juu ikimeta. Hata yanayotoka Japani si salama yote, kwa sababu sehemu za baridi humwaga chumvi barabarani kuyeyusha theluji. Gonga chesisi kwa spana karibu na bolti za kulabu. Sauti iwe ya chuma. Vikianza kudondoka vipande, rudi nyumbani. Rangi nyeusi mbichi iliyopakwa chini ya gari la kuuzwa nayo iulizwe maswali.

Mengine ni ya kawaida. Jembe dogo, panga, ubao wa kuwekea jeki isizame, maji ya kunywa na ya redieta, taa. Mafuta jaza Mariakani au Kwale, usitegemee chupa za dukani huko ndani. Mwambie mtu unapita njia gani na unatarajiwa saa ngapi, maana mtandao hukatika. Waulize watu wa bodaboda hali ya njia. Wamepita leo asubuhi, ramani ya simu haijapita. Nenda magari mawili kama inawezekana. Usianze njia usiyoijua baada ya saa kumi jioni, na upande wa hifadhi usiku uwaachie ndovu. Ukikutana na lori kwenye njia nyembamba, mpishe, huenda ukamhitaji. Ukirudi, rudisha upepo kwenye matairi kabla ya lami, osha chini ya gari kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, hasa kama ulishuka ufukweni, na angalia tope lililokauka ndani ya rimu, kwa sababu ndilo linalofanya usukani utetemeke ukifika Mazeras.