Namna ya Kuisaidia Familia Iliyopotelewa na Mtu Wake

Katika Pwani ya Kenya na kaskazini mashariki, familia za Kiislamu na za Kisomali zinapopotelewa na mtu mara nyingi husita kuripoti, kwa kuchelea kwamba wao wenyewe watageuzwa washukiwa, au kwa sababu anayetaka kuripoti hana kitambulisho. Kwa hiyo, msaada wa kwanza ni kuwasindikiza kituoni siku hiyo hiyo, bila kungoja saa 24, kwani dhana ya kungoja haina msingi wa kisheria.

Kabla ya kuondoka nyumbani, andikeni rangi ya shati alilovaa, kovu alilo nalo, aliyezungumza naye mwisho, na namba ya gari ikiwa alichukuliwa mbele ya watu. Kituoni, msiondoke bila namba ya OB, yaani ya daftari la matukio la polisi. Ikiwa mama anazungumza Kisomali tu, mkalimani aketi kando yake, si mbele yake, na asikubali mama atie kidole gumba kwenye maelezo ambayo hajasomewa.

Saa 24 zenye uzito ni zile za Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010, kinachotaka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya muda huo, au siku ya mahakama inayofuata. Muda huo ukipita huku mashahidi wakisema alichukuliwa na maafisa, wakili aombe Mahakama Kuu iamuru aletwe, haki ambayo Kifungu cha 25 hakiruhusu ipunguzwe. Mashirika ya haki za binadamu kama MUHURI na Haki Africa, yote ya Mombasa, yana uzoefu wa kesi hizi, na malalamiko dhidi ya polisi hupelekwa IPOA, mamlaka huru ya kusimamia utendakazi wa polisi.

Picha ikisambazwa, iwekwe namba ya mtu wa kujitolea, kwa maana matapeli hupiga simu wakidai pesa ili "wamwachilie". Mochari waende watu wawili wasio wazazi.

Baadaye wageni hupungua, na hapo ndipo karo na kodi ya nyumba huanza kuuma. Msimwite mke mjane wala msimhimize kukaa eda. Sheria ya ushahidi humdhania mtu amefariki baada ya miaka 7 bila habari zake, na masuala ya ndoa na mirathi yana Kadhi wake. Namba ya simu ambayo aliyepotea anaikumbuka kwa moyo isibadilishwe, hata kama ni lazima jirani aitie salio.